Chura wa Kihansi amerudi, lakini kazi haijaisha

Wiki hii nimeulizwa tena: "Si mlishawarudisha vyura wenu? Sasa mnataka nini zaidi?" Nimechoka kulijibu swali hili kwa mkato, basi nalijibu hapa.

Historia yenyewe wengi mnaijua. Chura aligunduliwa mwaka 1996 kwenye korongo la mto Kihansi, milima ya Udzungwa, Tanzania. Likaja bwawa la umeme wa megawati 180, maji yakachepushwa, na mwaka 2009 akatangazwa kutoweka porini. Wale 499 waliopelekwa Marekani mwaka 2000 walizaliana, na mwaka 2012 wakaanza kurejeshwa korongoni.

Kinachonikera ni watu kulichukulia neno "kurejeshwa" kama vile ng'ombe aliyepotea kaingizwa zizini. Chura huyu haishi mtoni. Anaishi ndani ya manyunyu, ule moshi wa maji unaorushwa na maporomoko, na makazi yake yote ni hekta mbili hivi. Maji yalipopungua, moshi ulikatika, ikabidi yawekwe mabomba ya kunyunyizia. Mabomba hayo ndiyo maporomoko yake sasa. Vichwa vya mabomba vikiziba kwa tope na majani, mimea anamoishi hukauka, na chura hana pa kuhamia. Kwa hiyo lazima awepo mtu wa kuyazibua, mwaka huu na miaka yote ijayo.

Halafu kuna wanaosema "bwawa ndilo lililowaua". Mimi siwezi kuapa. Juni 2003, mabomba yakiwa yanafanya kazi, walikadiriwa kukaribia 21,000. Januari 2004 walionekana watatu. Watatu! Kuvu wa kitridi, anayeshambulia ngozi ya vyura, alikuwemo, na mwaka 2003 huohuo bwawa lilifunguliwa kusafisha tope. Kipi kiliwamaliza, au ni vyote kwa pamoja? Wataalamu tunabishana hadi leo, na jambo hilo linaninyima usingizi, maana tumewarudisha palepale. Ndiyo sababu nasisitiza viatu vioshwe kwa dawa ya kuua kuvu kabla ya kushuka korongoni, hata kama mgeni ni mheshimiwa.

Jike mwenye mimba ukimtazama kwa karibu, ngozi ya tumbo lake ni nyembamba kiasi kwamba watoto wanaonekana ndani. Hatagi, anazaa vyura kamili, wadogo kuliko kucha ya kidole chako cha mwisho. Hao ndio tunaowaombea mafundi wa mabomba, vipuri, na maji yasiyokatwa wakati wa kiangazi.