Hofu kabla ya upasuaji si upungufu wa imani

Hapa Bukavu husemwa tangu zamani kwamba mgonjwa wa uvimbe anayetetemeka kabla ya kupasuliwa amepungukiwa na imani, na kwamba hofu yake huita kifo. Sivyo. Moyo kwenda mbio, usingizi kukatika na viganja kulowa jasho ni kazi ya adrenalini, homoni ambayo mwili humwaga unapohisi hatari, mgonjwa awe na rozari mkononi au asiwe nayo. Tangu 1983 madaktari wana dodoso la maswali 14, yaani 7 ya wasiwasi na 7 ya sonona, la kupima hali hiyo. Mama anayekunja na kukunjua pindo la kitenge chake wodini hahitaji kukemewa (na kemeo hilo, ajabu, huitwa faraja). Aelezwe atalazwaje usingizi, nani atakuwa kando yake akizinduka, na maumivu yatatulizwaje.