Tafadhali ya Kairo si tafadhali yetu

Juzi tena. Mzazi kanipigia kuuliza kwa nini mwanawe, anayekwenda Kairo kusoma Al-Azhar, alipie kozi yangu ya Kiarabu ya wiki nane. "Ustadhi, Kiswahili si nusu yake Kiarabu? Akifika ataokota huko huko." Naandika hapa ili akipiga mwingine nimtumie kiungo, mimi ninywe chai yangu.

Hiyo nusu kwanza. Nusu ya nini? Ukihesabu vidahizo, yaani maneno yanayofafanuliwa kwenye kamusi, Kiarabu utakikuta kwa wingi. Msikilize mama anayepatana bei ya nazi, uhesabu kila kiambishi kinachomtoka, hapo Kiarabu kinapungua. Sarufi ni ya Kibantu. Basi, sikai hapo.

Kinachoniudhi ni haya maneno tuliyoyachukua tukayageuza kazi. Siku yangu ya kwanza Kairo nilikwenda kwenye kibanda, nikanyoosha noti, nikasema kwa lafudhi yangu nzuri ya madrasa: "Tafaddal, maa," nikidhani nimesema tafadhali, maji. Muuzaji akaipokea noti, akashukuru, akaniangalia. Nami nikamwangalia. Kwao *tafaddal* ni neno la anayetoa: chukua, pita, keti, karibu. Nilimkaribisha fedha yangu naye akakaribia. Anayeomba husema *min fadlak*, au *law samaht*, na hapo ndipo utaisikia samahani yetu ikifanya kazi ya tafadhali. Ukimkanyaga mtu mguu sasa? *Maalesh.* Hilo hatukulichukua.

Asante nayo, asili yake *ahsanta*, umefanya vyema. Mwambie hivyo dereva wa teksi wa makamo uone anavyocheka, kama mwalimu wa darasa la pili kampigia vema daftarini. Na marhaba! Kwetu ni jibu la shikamoo, kule ni salamu ya kuanzia. Kijana wangu mmoja wa miaka 19 aliambiwa *marhaba* na mzee mlangoni, akababaika, akadhani anasutwa kwa kutoamkia. Sura? Kule ni picha. Uso ni *wajh*.

Juu ya hayo, Kiarabu cha madrasa si cha mtaani. Wakairo hawana haja na herufi qafu: kahawa ni *ahwa*. Herufi jimu kwao ni ga, Jamal ni Gamal. "Sasa hivi" ni *dilwa'ti*, na hilo hulikuti katika kitabu chochote cha nahau nilichosomeshwa. Nikiri hapa: katika wiki zangu nane, sita ni fus-ha, Kiarabu sanifu cha vitabuni, kwa sababu darasani Al-Azhar hawatapona bila hiyo, na kwa sababu wazazi hupenda kusikia mtoto akichambua irabu. Sina hakika kama nagawa sawa. Wanaorudi likizo hunambia wiki mbili za mwisho ndizo zilizowalisha mwezi wa kwanza.

Na si kwamba Kiswahili hakisaidii kabisa. Ukiona *khatar* kwenye kisanduku cha umeme hutagusa. Sita, saba, tisa, ishirini utazitambua hata zikisemwa mbio. Ila ndiyo maana nayaogopa maneno hayo tunayoyatambua kuliko maneno mageni, kwa kuwa neno geni angalau utauliza.

Mwanafunzi mmoja, yule aliyeniambia kozi ni kupoteza hela, alikwenda kwenye ofisi fulani kuulizia usajili. Mlinzi akamwambia arudi kesho, *is-saa sab'a*. Saa saba! Hakuhitaji hata mkalimani. Akalala vizuri, akapiga pasi kanzu, akala, akafika mapema kabisa, saa sita na nusu mchana. Mlinzi alikuwa amemtarajia saa moja asubuhi, na foleni ya siku hiyo ilikuwa imeshafungwa.