Wino unaopitisha umeme ni nini?

Ni wino unaochapwa kwa printa juu ya karatasi au plastiki, na ukishakauka unaacha mstari unaofanya kazi ya waya. Printa yenyewe haina maajabu: hurusha matone madogo kama ile ya stesheneri mtaani. Kazi ngumu imo kwenye katriji, na hiyo ni kazi ya mkemia.

Kikwazo cha kwanza ni joto. Fedha (ya pete na bangili, si ya mfukoni) huyeyuka kwenye nyuzi 962 za Selsiasi, na plastiki ya jamii ya chupa za maji hujikunja hata kabla ya 200. Dawa yake ni kutengeneza fedha katika chembe zenye upana wa nanomita chache tu (nanomita ni mita moja ikigawanywa mara bilioni). Katika udogo huo, atomi nyingi huwa kwenye uso wa chembe, nazo hushikana na jirani zake kwenye nyuzi 150 hivi, bila kufika kuyeyuka.

Ila wepesi huo wa kushikana ungezigandisha humohumo kwenye katriji na kuziba matundu. Kwa hiyo kila chembe huvishwa koti la molekuli, mathalani za asidi ya oleiki, iliyojaa kwenye mafuta ya zeituni. Sasa koti hilo likibaki baada ya kuchapa, umeme haupiti. Kwangu mimi hapa ndipo penye utamu: kinachouokoa wino kwenye chupa ndicho kinachouharibu kwenye karatasi. Koti huvuliwa kwa joto, au kwa kloridi, ile iliyomo kwenye chumvi ya mezani, hata bila kupasha chochote.

Halafu kuna doa la kahawa. Tone likikauka mezani, weusi hukimbilia ukingoni na katikati hubaki peupe. Wino wa fedha nao hufanya vivyo hivyo, ndiyo maana huchanganywa vimiminika viwili vinavyokauka kwa kasi tofauti, ili chembe zirudishwe katikati.

Mwaka 2012, Brett Walker na Jennifer Lewis wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, waliachana na chembe kabisa. Waliyeyusha asetati ya fedha kwenye amonia, wakatia asidi ya fomiki, ile wanayorusha sisimizi maji moto. Wino ulikuwa angavu. Fedha ilijiunda baada ya kuchapwa, na kwenye nyuzi 90 ikapitisha umeme sawasawa na fedha halisi.