Kupandisha maji ya kilindini kwa nishati jadidifu: maana yake, mitambo yake na mipaka yake

Kupandisha maji ya kilindini ni kuyachukua maji baridi yenye virutubishi kutoka mamia ya mita chini ya bahari na kuyamwaga karibu na uso, pale mwanga wa jua unapofika, ili mimea ya baharini ipate chakula na viumbe wengine wale mimea hiyo. Bahari yenyewe hufanya kazi hii katika baadhi ya maeneo. Kwenye pwani ya Somalia, upepo wa kusi unapokaza kati ya Juni na Septemba, maji ya juu husukumwa mbali na ufuo na maji baridi ya chini hupanda kushika nafasi yake. Pwani ya Peru hupata hali hiyo kwa sehemu kubwa ya mwaka, na ndiyo inayowalisha samaki wadogo waitwao anchoveta, ambao katika miaka mizuri huvuliwa kwa mamilioni ya tani.

Sehemu kubwa ya bahari za tropiki haina bahati hiyo. Mwanga unaotosha mimea kuota hauvuki mita 200 hivi. Katika tabaka hilo la juu, fitoplanktoni, yaani vimea vidogo mno visivyoonekana kwa macho, hutumia virutubishi vyake, yaani naitreti, fosfeti na silika, mpaka vinakaribia kwisha. Vikifa au vikiliwa, mabaki na kinyesi huzama, bakteria huyaozesha, na virutubishi hubaki gizani. Maji ya juu kwa kuwa yana joto ni mepesi, basi hukaa juu ya yale mazito ya baridi mwaka mzima bila kuchanganyika nayo vya kutosha. Ile bahari ya buluu iliyo safi hadi ndani, inayowavutia watalii, mara nyingi ni bahari yenye njaa.

Sasa, mtu akisikia habari ya bomba la mita 300 hudhani itatakiwa nguvu kubwa kama ya kuvuta maji kwenye kisima cha kina hicho. Sivyo. Kisimani unainua uzito wote wa maji. Baharini, bomba limezungukwa na maji mengine yanayosukuma kutoka chini, kwa hiyo kinachobaki kuinuliwa ni tofauti tu ya uzito kati ya maji baridi ya ndani ya bomba na maji ya uvuguvugu ya nje. Katika bahari ya tropiki, kupandisha tani moja ya maji kutoka mita 300 ni sawa na kuiinua tani hiyo chini ya mita moja, ukiacha msuguano wa bomba. Ndiyo maana nguvu ya mawimbi au ya jua inaweza kuifanya kazi hiyo bila tone la dizeli.

Pampu ya mawimbi ilipendekezwa na mwanasayansi wa bahari John Isaacs mwaka 1976, na ni rahisi ajabu. Boya linaelea juu, bomba refu linaning'inia chini yake, na mwishoni mwa bomba kuna vali inayopitisha maji upande mmoja tu. Wimbi likishuka, boya na bomba vinashuka, vali inafunguka na maji ya chini yanaingia. Wimbi likipanda, vali inajifunga na maji yaliyo bombani yanabebwa juu. Kila wimbi linasogeza maji kidogo, na mawimbi hayalali. Njia nyingine ni kusukuma hewa ndani ya bomba kwa umeme wa sola: mapovu yanapopanda huyabeba maji pamoja nayo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Zhejiang, China, wameijaribu katika ghuba ya Aoshan, jimbo la Shandong, kurutubisha mashamba ya mwani mkubwa wa kelpu.

Njia ya tatu inafua umeme kutokana na maji yenyewe. Pale ambapo maji ya juu yanayazidi ya chini kwa nyuzijoto 20 hivi, joto la juu huchemsha amonia, kemikali inayochemka hata kwa joto dogo, mvuke wake huzungusha mashine ya kufua umeme, kisha baridi ya kilindini huurudisha mvuke kuwa kimiminika. Mfano ninaoupenda ni kisiwa cha Kumejima, mkoa wa Okinawa, Japani. Bomba lake huchota maji kutoka mita 612, hadi tani 13,000 kwa siku. Tangu mwaka 2013 kuna mtambo wa majaribio wa kufua umeme, na maji hayo baridi hutumika pia kufugia kamba na kulimia mwani wa umibudo, wenye vipunje kama zabibu za kijani. Maji ya kina hicho yana vijidudu vichache vya magonjwa, na kwa mfugaji wa kamba hilo lina thamani kama virutubishi vyenyewe.

Bahari kuu ni habari nyingine. Mnamo Juni 2008, watafiti walishusha pampu ya mawimbi kaskazini mwa Oahu, Hawaii. Maji ya mita 300 yalifika juu chini ya saa 2, kiasi cha mita za ujazo 45 kwa saa. Baada ya saa 17 vifaa vikashindwa kuhimili misukosuko ya bahari. Kupandisha kulifanikiwa, kudumu ndiko kulikoshindikana. Isitoshe, maji baridi yaliyomwagwa juu bado ni mazito na huanza kuzama tena, yakienda na virutubishi vyake kabla mimea haijavitumia. Lazima yachanganywe na maji ya joto, na yaachiwe kwenye kina kinachofaa.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaoinadi njia hii kama tiba ya tabianchi. Mwaka 2007 wanasayansi wa Uingereza James Lovelock na Chris Rapley walipendekeza mabomba ya mita 100 hadi 200, yenye kipenyo cha mita 10, ili mimea ya baharini ifyonze hewa ya kaboni. Tatizo ni kwamba maji ya kilindini hayapandi na virutubishi peke yake. Mabaki yaliyooza kule chini yalitoa kaboni pamoja na fosfeti, kwa uwiano unaokaribiana na ule ambao mimea huutumia. Unapopandisha mbolea, unapandisha na kaboni iliyokuwa imefichika. Mwaka 2010 Andreas Oschlies na wenzake huko Kiel, Ujerumani, walipima jambo hili kwa modeli ya kompyuta. Hata kwa makadirio ya matumaini makubwa, sehemu kubwa ya kaboni iliyohifadhiwa ilibaki nchi kavu, kwa kuwa ubaridi ulipunguza uozo wa udongoni, wala si baharini. Na pampu zikisimamishwa, joto lilipanda haraka kupita kiwango ambacho lingekuwa nacho kama zisingewekwa kabisa. Mtambo usioweza kuuzima bila madhara ni mzigo kwa wajukuu.

Kwa mkulima wa mwani, hesabu ni tofauti. Zanzibar ilianza kilimo hiki kibiashara mwaka 1989 kwa mbegu kutoka Ufilipino, na wakulima wengi ni wanawake. Mwani mnene, kotonii, una bei nzuri kuliko mwani mwembamba, lakini hauvumilii joto: maji ya kina kifupi yakipata moto, matawi hugeuka meupe, hulainika na kukatika. Ufilipino nako, taasisi ya Climate Foundation imekuwa ikijaribu kupandisha maji baridi kwa nishati jadidifu ili kuuokoa mwani huohuo. Hapa maji ya chini yanaleta faida mbili kwa mpigo, ubaridi na chakula.

Mkondo wa Pemba, yaani bahari iliyo kati ya kisiwa hicho na bara, una kina cha mita 800 hivi, kwa hiyo maji baridi hayako mbali. Ila mashamba mengi ya Zanzibar yako kati ya ufuo na mwamba wa matumbawe, kwenye maji mafupi yanayokupwa, si kwenye kilindi. Ama bomba lije hadi shambani, ama shamba lihamie nje ya mwamba, ambako mwanamke asiye na boti wala asiyejua kuogelea hafiki. Kabla ya kuweka pampu yoyote, hilo ndilo la kuulizwa kwanza, pamoja na kupima baridi na virutubishi vya kila kina katika kusi na katika kaskazi.