Kuhama chuo ukisomea udaktari: pima krediti kabla ya kufunga begi

Kijana wa PCB (fizikia, kemia na baiolojia) kutoka Tabora au Kigoma anaweza kuanza kufikiria kuhama hata kabla muhula wa kwanza haujaisha. Ada imewazidi wazazi, nyumbani ni mbali, anatomia imemlemea, au amechaguliwa kozi nyingine na moyo wake uko kwenye MD, digrii ya udaktari. Hayo ni matatizo manne tofauti, na kuhama hakuyatibu yote. Jiulize kwanza: tayari uko ndani ya MD, au uko kozi nyingine na unatafuta mlango wa kuingilia?

Tuanze na aliye nje. Marekani mtu husoma kwanza digrii ya miaka 4, akafanya mtihani wa MCAT, ndipo akaomba shule ya udaktari. Kwetu Tanzania hakuna hatua hiyo ya kati. MD huanza mara tu baada ya kidato cha sita: miaka 5 ya darasani na wodini, kisha mwaka 1 wa utarajali, yaani kufanya kazi hospitalini chini ya usimamizi. Kwa hiyo anayekaa kwenye BSc (digrii ya sayansi) ya baiolojia akitumaini "kupandishwa" baada ya mwaka au miwili anajichelewesha. Kiwango cha chini cha TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) ni pointi 6 katika fizikia, kemia na baiolojia, na kila somo liwe na angalau D. A ni pointi 5, B 4, C 3, D 2, E 1. Mwenye B ya baiolojia, C ya kemia na E ya fizikia ana pointi 8, lakini ile E inamfungia mlango. Mwenye D tatu ana pointi 6 kamili na sifa anazo, ila kwenye vyuo vyenye waombaji wengi atapitwa na wenye alama za juu. Huyu wa E hana haja ya kuomba uhamisho. Arudie fizikia kama mtahiniwa wa kujitegemea, kisha aombe udahili upya. Njia nyingine ni stashahada ya utabibu: umalize na wastani wa B au GPA ya 3.5, na cheti cha kidato cha nne kiwe na angalau D katika hisabati, kemia, baiolojia, fizikia na Kiingereza. Wapo maofisa tabibu hodari wanaokwama kwa sababu ya hisabati ya kidato cha nne tu. Kagua cheti hicho leo, usingoje miaka mitatu ipite.

Aliye ndani ya MD tayari, ushauri wetu ni mfupi: usihame kwa ajili ya jina la chuo. Ukimaliza chuo cha MUHAS, Bugando, KCMC au UDOM unaitwa daktari yule yule, na utarajali ni ule ule. Hama ikiwa ada itakukwamisha kweli, au kuna sababu ya kiafya au kifamilia isiyoondoka, na uwahi mwaka wa kwanza.

Kwa nini mwaka wa kwanza? Kwa sababu ya krediti. Mwaka mmoja wa masomo ni krediti 120, na krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, yaani vipindi, maabara na kujisomea. Vyuo havifundishi kwa mpangilio mmoja. Kimoja kinafundisha anatomia, fiziolojia na baiokemia kama masomo yanayojitegemea. Kingine kinayachanganya kwa mifumo ya mwili, leo moyo, kesho figo. Tuseme umesoma anatomia ya krediti 18 na chuo unachoendea kinadai 30. Pengo la krediti 12 ni saa 120, na sehemu yake ni kupasua maiti maabara, kazi isiyofidiwa kwa kunakili noti za mwenzako. Hapo ndipo chuo kinakwambia uanze mwaka wa kwanza upya. Basi kabla ya kuomba, chukua mtaala wako na wa kule, uweke moduli kwa moduli, uandike krediti pembeni, kisha umwombe mratibu wa MD akupe jibu kwa maandishi. Jibu la simu halitakusaidia Oktoba chuo kikifunguliwa.

Uhamisho wenyewe una dirisha fupi ambalo TCU hutangaza baada ya udahili. Sharti uwe na sifa za kozi unayoendea na nafasi iwepo. Omba kupitia mfumo wa chuo, kisha subiri uthibitisho ndipo uondoke. Kosa linaloumiza kuliko yote ni kupanda basi kwenda chuo kipya ukaanza kuhudhuria vipindi wakati jina lako bado liko chuo cha zamani: mitihani utakayofanya haitatambuliwa, na bumu lako, yaani pesa ya mkopo, litabaki kule bila wa kusaini, mwishowe lirudishwe HESLB (Bodi ya Mikopo). Mwone afisa mikopo wa vyuo vyote viwili, na namba ya mtihani wa kidato cha nne iwe ile ile kwenye udahili na kwenye mkopo. Waliorudia mtihani na wana namba mbili wawe makini sana hapa. Pia uliza kama mkopo wako utafikia ada mpya. Posho ya chakula na malazi hailipi pengo la ada ya chuo binafsi.

Mwenye sapu (mitihani ya marudio) za anatomia asikimbie. Anatomia ipo kila chuo. Aliyedisco, yaani aliyeondolewa chuoni kwa kufeli, hahamishwi, huomba udahili upya. Na aliyeuguliwa na mzazi Kasulu au Urambo mara nyingi anachohitaji ni kuahirisha masomo: barua kwa chuo, vielelezo vya hospitali, taarifa kwa HESLB, na nafasi yake inabaki.

Swali la kampasi ambayo MUHAS imekuwa ikijenga Kigoma kupitia HEET, mradi wa serikali wa elimu ya juu, tunaulizwa sana. Ni habari njema kwa ukanda huu, lakini usiahirishe wala kuhama kwa kuitegemea mpaka uone kwenye mwongozo wa TCU wa mwaka husika kwamba MD inatolewa hapo, na nafasi ni ngapi.