Mwalimu Mgeni na Vifaa vya Kidijitali: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Mwalimu anayeanza kazi katika shule ya umma ya msingi Kisauni, Likoni au Changamwe, Mombasa, huenda akakuta vifaa vingi kuliko alivyotarajia: vishikwambi vilivyoanza kusambazwa na serikali mwaka 2016, vipakatalishi vya walimu, projekta na ruta. Vingi hukaa kabatini. Sababu mojawapo ni maneno ambayo walimu huambiana wakati wa chai, yakarudiwa hadi yakaonekana kweli.

"Pasipo intaneti hakuna somo la kidijitali"

Dhana hii huwarudisha nyuma walimu wengi, nayo ndiyo rahisi zaidi kuivunja. Kolibri, programu ya bure ya shirika la Learning Equality, iliundwa kwa ajili ya shule zisizo na mtandao. Unaipakua pamoja na masomo yake mahali penye intaneti ya nguvu, kisha darasani hutumii bando hata kidogo. Usijaribu kupakua mkusanyiko mzima wa Khan Academy, kwa maana unameza makumi ya GB. Ingia ndani yake, chagua mada za wiki mbili zijazo, basi.

Darasani, washa ruta bila laini wala bando. Kazi yake hapo ni kuunganisha vifaa vilivyomo chumbani tu. Unganisha kipakatalishi na vishikwambi kwenye ruta hiyo, fungua Kolibri, tafuta anwani inayoonyeshwa kwenye ukurasa wa kifaa (kwa kawaida huishia na 8080), iandike ubaoni, nao wanafunzi waiandike kwenye kivinjari.

Hapa kuna mambo mawili yanayokwamisha. Windows huuchukulia mtandao mpya kuwa wa mahali pa umma, ikazuia vifaa vingine visiifikie kompyuta. Ingia kwenye mipangilio ya mtandao uubadilishe uwe wa faragha, na ukiulizwa kama Kolibri iruhusiwe kupita, kubali. La pili ni vifaa vya Android vyenye laini: vikigundua kwamba Wi-Fi haina intaneti, hurejea kwenye data ya laini kimyakimya, na mwanafunzi akaona ukurasa haufunguki. Zima data kwanza. Hotspoti ya simu yako nayo usiitegemee kwa darasa zima, kwani simu nyingi hupokea vifaa 8 hadi 10 tu.

Kwa sayansi kuna PhET, majaribio ya kuigiza ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, Marekani, na mengi yake yamefasiriwa kwa Kiswahili. Jaribio moja ni faili la MB chache. Ukishalipakua, linafunguka kwenye Chrome bila mtandao wowote. Kiwix, programu ya kusoma tovuti bila mtandao, nayo hubeba Wikipedia ya Kiswahili ndani ya simu ya kawaida.

"Projekta ni kuchomeka tu"

Laiti ingekuwa hivyo. Ukichomeka waya na ukuta ukabaki mtupu, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, uchague kunakili skrini. Ikiwa picha ipo lakini sauti hakuna, tazama waya: VGA, ule wenye kichwa kipana cha buluu na skrubu mbili, haubebi sauti. Utahitaji spika ya pembeni. HDMI hubeba picha na sauti pamoja, ila wakati mwingine sauti hubaki kwenye kompyuta mpaka ubofye alama ya spika na kuchagua projekta.

Jua la pwani ndilo adui mkubwa. Darasa lenye madirisha wazi linahitaji projekta ya takriban lumeni 3,000 za ANSI, na herufi hizo nne ni za kuangaliwa sana, maana projekta za bei rahisi huandikwa maelfu ya lumeni yasiyopimwa kwa kipimo hicho. Usielekeze picha kwenye ukuta unaopigwa na mwanga wa dirishani. Leso dirishani haitoshi. Tumia turubai au kitambaa kizito cheusi, angalau kwa madirisha mawili yaliyo karibu na picha. Maandishi yawe ya ukubwa wa 28 kwenda juu, mistari isizidi sita, kisha ukae dawati la nyuma kabisa uyasome kabla wanafunzi hawajaingia.

Halafu kuna stima. Projekta ya taa hula wati 200 hadi 300. Stima ikikatika ghafla, feni yake husimama huku taa ingali na moto mkali, na hapo ndipo taa hufa mapema. UPS (kifaa chenye betri kinachoshikilia umeme kwa muda) ya VA 650 haitakumalizia kipindi. Itakupa dakika chache za kuizima projekta ipasavyo, feni izunguke hadi ipoe. Na uulize mapema kama kuna tokeni za umeme za kutosha.

"Vifaa vya pwani huharibika tu, ni kawaida"

Huharibika kwa sababu zinazojulikana. Projekta iliyolala kwenye ofisi yenye kiyoyozi ikiletwa ghafla kwenye darasa lenye joto la unyevu, maji hutunga kwenye lenzi na ndani yake, kama vile glasi ya maji baridi inavyotoa jasho. Iache ikiwa imezimwa dakika 20 hadi 30 ipate joto la chumba. Hewa ya chumvi hula pini za nyaya, kwa hiyo ziweke kwenye sanduku la plastiki lenye kifuniko, pamoja na vifuko vya silika vya kunyonya unyevu, hasa masika ya Aprili na Mei. Chujio la vumbi la projekta lisafishwe kila mwezi.

Likizo ya Novemba na Desemba ndiyo inayoua betri za vishikwambi. Vikifungiwa vikiwa sifuri, vingine havitaamka Januari. Viache na chaji ya nusu hivi, mbali na paa la mabati, na uvichaji tena katikati ya likizo.

"Kila mwanafunzi lazima awe na kifaa chake"

Kifaa kimoja kwa watoto watatu au wanne hufanya kazi nzuri ukiwapa majukumu: mmoja anashika, mmoja anasoma kwa sauti, mmoja anaandika daftarini, kisha wanabadilishana kila dakika tano. Usipopanga zamu, mwenye nguvu hukishika kipindi kizima.

Darasa lisilo na kifaa hata kimoja cha mwanafunzi linaweza kutumia Plickers, programu ya maswali inayosoma majibu kwa kamera ya simu. Kila mtoto hupewa kadi yenye alama, akaizungusha ili upande wa jibu lake (A, B, C au D) uwe juu, nawe ukapitisha kamera ya simu yako darasani. Seti ya kawaida ina kadi 40, na ipo ya kadi 63 kwa madarasa makubwa. Zichapishe kwenye karatasi ngumu isiyong'aa, maana kadi iliyopakwa plastiki hurudisha mwanga na kamera haisomi. Wafunze pia kutoziba alama kwa vidole.

"Watoto wa siku hizi wamezaliwa na teknolojia, watanifundisha mimi"

Usemi wa "wenyeji wa kidijitali" ulienezwa na Mmarekani Marc Prensky mwaka 2001, ukawatisha walimu kote. Mtoto anayetelezesha video kwa ustadi huenda hajui kuhifadhi faili, kuandika herufi kubwa, wala kutofautisha tangazo na jibu la utafutaji. Tenga vipindi viwili vya mwanzo kwa mambo hayo matatu.

"Video nzuri inafundisha yenyewe"

Mwanasaikolojia Richard Mayer ameonyesha kwamba watu hujifunza vizuri zaidi video ikikatwa vipande, na kwamba msimulizi akisoma maneno yaleyale yaliyo kwenye skrini, macho na masikio hugombania kazi moja. Hata hivyo, kwa wanafunzi wetu wanaosikiliza Kiingereza cha ugenini, maandishi chini ya video husaidia. Yaache. Andika swali moja ubaoni kabla ya kuiwasha, isimamishe kila baada ya dakika tatu, waandike jibu bila kuongea, ndipo uendelee.

"Picha za darasa kwenye WhatsApp hazina neno"

Zina neno, tena zito. Kifungu cha 33 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 kinataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia taarifa za mtoto. Pata idhini kwa maandishi mwanzoni mwa muhula. Kwenye majaribio ya mtandaoni tumia namba ya darasani badala ya jina kamili. Kwa wazazi, orodha ya matangazo ni salama kuliko kikundi kwa sababu namba zao hazionekani kwa wengine, ila ujumbe humfikia tu mzazi aliyehifadhi namba yako.

"Akili unde itaniandalia somo"

Itakupa rasimu. Iulize ngeli na upatanisho wa kisarufi, uone inavyoweza kukosea kwa ujasiri. Kila jibu lilinganishe na kitabu kilichoidhinishwa na KICD, taasisi ya kukuza mitaala ya Kenya.

"Teknolojia huboresha kila somo"

Kipimo ni kimoja: je, kifaa kinaonyesha jambo ambalo chaki haiwezi? Kwa zoezi la ngeli, chaki yatosha. Lakini chukua maji ya bandari ya Kilindini, ambayo hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua, yaani maji makubwa, tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Hapo jedwali la kompyuta lina faida.

Chukua takwimu za wiki mbili kutoka jedwali la maji kujaa na kupwa: wakati na kimo cha maji. Ni nyakati nne hivi kwa siku, yaani safu karibu 56. Gawa makundi saba, kila kundi liandike siku mbili. Tarehe na saa ziwe kwenye seli moja, maana saa ikiwa peke yake, kila siku mpya mchoro utarudi mwanzo. Chagua chati ya nukta zilizounganishwa kwa mstari. Ile ya mstari wa kawaida hupanga nukta kwa nafasi sawa ingawa saa kati yao hazilingani, na mawimbi yanapotoka umbo.

Mchoro ukitoka, waulize mwezi ulikuwaje siku ambazo mstari ulipanda juu zaidi. Wanaofuata tarehe za Kiislamu watakuwa wa kwanza kugundua kwamba bamvua huja karibu na mwandamo na mwezi mpevu, na maji mafu, yenye tofauti ndogo, katikati yake. Weka pia karatasi ya manila yenye mistari na kalamu nene kando ya meza: stima ikikatika kundi la nne likiwa linaandika, nukta zilizobaki zichorwe kwa mkono.