Ushindani wa Taifa Hauko Kwenye Mshahara Mdogo

Viwanda vikitajwa hapa Nairobi, mazungumzo hukimbilia mishahara: Ethiopia wanalipa kidogo, basi sisi hatuna letu. Kazi yangu ni kuchambua uchumi wa viwanda, na hoja hiyo hunikera. Inamtwika mshonaji wa EPZ, eneo la viwanda vya kuuza nje, pale Athi River lawama isiyo yake.

Mwanauchumi wa Marekani Paul Krugman alikumbusha mwaka 1994 kwamba nchi si kampuni. Kampuni ikishindwa hufungwa. Nchi haifungwi, watu wake huendelea tu kuishi kwa kipato duni. Kwa hiyo cha kupima ni tija, yaani thamani inayotokana na saa moja ya kazi na shilingi moja ya mtaji. Michael Porter wa Harvard amelisisitiza hilo kwa miaka mingi. Ujerumani inalipa mishahara minono na bado inauza mashine dunia nzima.

Mshonaji wetu anaweza kuwa na mikono myepesi kuliko wote. Stima ikipotea, cherehani zinasimama na jenereta inaanza kula dizeli. Kitambaa kikikwama Mombasa, laini nzima inakaa bure. Mshahara wake haujaongezeka hata senti moja, lakini shati limeshakuwa ghali.

Umeme ndio unaoniuma zaidi. Olkaria ilianza kuzalisha umeme wa mvuke wa ardhini mwaka 1981, na leo sehemu kubwa ya umeme wetu inatokana na mvuke huo, maji, upepo na jua. Mbona basi bili za viwanda ni nzito? Baadhi ya mikataba inatulazimu kulipia uwezo wa mtambo hata tusipoutumia. Mingi imeandikwa kwa fedha za kigeni, hivyo shilingi ikidhoofika bili inapanda. Miaka ya karibuni zaidi ya asilimia 20 ya umeme imekuwa ikipotea kabla ya kulipiwa, kwa nyaya chakavu na kwa wizi. Juu ya hayo kuna kodi na tozo.

Ethiopia yenyewe inaonyesha mipaka ya unafuu. Ilikuwa na umeme rahisi wa maji, mishahara midogo na eneo kubwa la viwanda Hawassa, lililozinduliwa mwaka 2016. Vita vya Tigray vilipozuka, kampuni ya mavazi ya Marekani ya PVH ilifunga kiwanda chake huko Novemba 2021, na Januari 2022 nchi ikaondolewa kwenye AGOA, mpango wa Marekani wa kupokea bidhaa za Afrika bila ushuru.

Sisi amani tunayo kwa kiasi; uhakika wa sera ndio haba. Kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ilishuka kutoka asilimia 16 hadi 14 Aprili 2020, ikarudi 16 Januari 2021. Sheria ya Fedha ya 2023, inayoweka kodi, ilibatilishwa na Mahakama ya Rufaa Julai 2024, kisha Mahakama ya Juu ikairejesha Oktoba mwaka huohuo. Anayejenga kiwanda anapiga hesabu ya miaka kumi au zaidi. Atapigaje hesabu hiyo akisubiri kila Juni kuona kodi gani imebadilika?

Elimu na afya zina uzito mkubwa pia, ila matunda yake huchukua kizazi. Nyaya za kusambaza umeme zinaweza kubadilishwa ndani ya miaka michache, na viwango vya kodi vikatangazwa mapema na kuachwa bila kuguswa kwa miaka mitano. Hapo ndipo ningeielekeza Hazina ianze, kabla ya mtu yeyote kugusa mshahara wa yule mshonaji.